Pipa la Dizeli na Majeshi ya Ghuba

Kuna maneno ambayo mtu huyasema mara moja, akayasahau, kisha yakamrudia uzeeni. La kwangu mimi ni hili: "Wapigwe tu, ili mafuta yashuke bei." Nililisema jioni ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 1991, uani kwa jirani yangu, katika kijiji kilichoko kati ya Mpui na Laela, huku kwetu kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndege za Marekani na washirika wake zilikuwa zimeanza kuipiga Baghdad. Tulikuwa wanaume saba au wanane, tumeizunguka redio ndogo ambayo betri zake tulikuwa tukizianika juani kila mvua ilipopisha. Mimi ndimi niliyekuwa mwalimu, na kwa sababu hiyo nilitarajiwa kuwa na maoni. Nikayatoa.

Sikusema kwa chuki. Simjui Mwirak hata mmoja, wala wakati ule sikumjua. Nilisema kwa sababu ya pipa la dizeli la mashine yetu ya kusaga, ambalo tangu Agosti ya mwaka 1990 lilikuwa halishikiki kwa bei. Katika kurasa hizi nakusudia kuihakiki kauli yangu hiyo kama ambavyo ningeihakiki kauli ya mtu mwingine, bila kuionea haya. Naona kazi hii ina maana, kwa sababu kauli yenyewe haikufa na vita vile. Imesemwa tena mara nyingi na watu wakubwa kuliko mwalimu wa shule ya msingi, nao walikuwa na majeshi ya kuitekeleza.

Kwanza msomaji anifahamu nilikotoka, asije akadhani kwamba nilikuwa nacheza na roho za watu.

Mkoa wa Rukwa ulihesabiwa miongoni mwa ile mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kulima tulijua, kusafirisha ndiko kulikotushinda. Baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 bei ya pipa la mafuta ghafi duniani ilipanda kutoka takriban dola 13 hadi zaidi ya dola 30 katika muda wa mwaka mmoja na kitu. Nchi yetu ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye vita vya Kagera, ambavyo gharama yake hukadiriwa kuwa dola milioni 500. Mwanzoni mwa miaka ya themanini takriban nusu ya fedha zote za kigeni tulizozipata kwa kuuza kahawa, pamba, katani na korosho ziliishia kwenye mafuta. Huko mijini magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sisi wa Ufipa tulicheka tuliposikia amri hiyo, maana hatukuwa na magari ya kukatazwa. Lakini kicheko hicho hakikudumu. Mahindi yalilala maghalani mpaka mvua zikayakuta, na panya wakanenepa. Mafuta ya taa yalipatikana kwa foleni, chupa moja moja, na nyumba nyingi zikarudi kwenye mwanga wa moto wa kuni.

Mwezi wa tatu mwaka 1981 mke wangu alishikwa na uchungu wa uzazi usiku. Mkunga wa kijiji alipoona mambo hayaendi alisema apelekwe mbele. Gari la kumchukua lilikuwapo. Mafuta ya kulitia hayakuwapo. Tukafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, tukamlaza juu ya majani makavu, tukaondoka chini ya mvua. Mnaoijua barabara ya Ufipa ya zama zile wakati wa masika sina haja ya kuwaeleza. Tulifika jua limekwisha kutoka. Mama alipona, mtoto hatukumpata.

Basi nilipokuwa nikisema "wapigwe tu", mtu asinihesabu kuwa mjinga asiyejua uzito wa mambo. Nilijua kitu kimoja kwa hakika, nacho ni kwamba mafuta yakikosekana watu hufa, na hufa kimya kimya, pasipo redio yoyote kuwatangaza.

Hoja ya wanaotetea kupeleka majeshi ili kulinda mafuta ya mbali, ikiwekwa kwa haki, hukaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni kwamba mafuta ni uhai wa mataifa ya leo. Bila mafuta hakuna chakula, hakuna hospitali, hakuna kazi, kwa hiyo kuyalinda ni kulinda uhai. Figa la pili ni kwamba anayeyanyakua ni mnyang'anyi, na mnyang'anyi sharti azuiwe. Figa la tatu ni kwamba bei ikitulia hufaidika kila mtu, na maskini zaidi ya wote, kwa kuwa tajiri anaweza kuimudu bei kubwa ilhali maskini hawezi. Rais Carter wa Marekani alilisimamisha figa la kwanza mbele ya dunia tarehe 23 Januari 1980, wiki chache baada ya Warusi kuingia Afghanistan. Alitangaza kwamba taifa lolote la nje litakalojaribu kuitawala Ghuba litahesabiwa kuwa limeyashambulia maslahi ya Marekani yenyewe, nalo litarudishwa nyuma kwa njia yoyote, hata ya silaha. Rais Bush mwaka 1990 aliongeza figa la pili. La tatu tuliliongeza sisi wenyewe, watu wa mashine za kusaga.

Mwenye uwanja ule alikuwa mzee aliyepata kuwa askari wa KAR, akapigana Burma mwaka 1944. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomaliza kusema alinyamaza, kisha akauliza, "Mwalimu, umelisahau pipa letu?"

Sikuwa nimelisahau, ila sikuona linahusikaje. Akanikumbusha. Mwaka 1982 kijiji kilifanikiwa kupata pipa moja zima la dizeli kwa ajili ya mashine. Watu walifurahi, kisha wakaingiwa na hofu kwamba litaibwa. Uongozi ukaweka mgambo wawili walilinde usiku na mchana. Mwezi wa kwanza walilinda vizuri. Mwezi wa pili ikaonekana kwamba jamaa zao ndio wanaosaga kwanza, maana mlinzi hawezi kukosa unga nyumbani. Mwezi wa tatu mwanamke mwenye debe lake alishauriwa asije mikono mitupu, akaanza kuja na kuku. Yule mzee alipotaka aletwe kijiti cha kupimia, kitumbukizwe pipani mbele ya watu ili ijulikane kimebaki kiasi gani, aliambiwa kwamba anahujumu mali ya kijiji. Akalala ofisini usiku mmoja, yeye na blanketi lake la Burma.

"Hakuna mwizi wa nje aliyeligusa pipa lile," alisema. "Sasa hao waliokwenda kulinda mapipa ya watu, kijiti cha kupimia anacho nani?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini nilirudi nyumbani nimeudhika, kama anavyoudhika mtu aliyeshindwa hoja na asiyetaka kukiri. Nikamsimulia mke wangu, nikitegemea ataniunga mkono, maana yeye zaidi ya mtu yeyote alijua nimesema vile kwa sababu gani. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Akasema, "Mwalimu, na huko Baghdad usiku wa leo hakuna mwanamke anayejifungua?" Akaendelea kuchambua.

Hayo mawili, la mzee na la mke wangu, nimeyabeba kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa naomba tuyaondoe yale mafiga moja moja, tuone kama chungu kitasimama.

Nianze na figa la kwanza. Mafuta ni uhai. Nimekwisha kukiri hivyo na sitarudi nyuma. Lakini kanuni nzuri ina sharti moja: iwe inafaa kwa kila mtu, si kwa msemaji peke yake. Ikiwa taifa linaloogopa kukosa mafuta lina haki ya kupeleka jeshi nchi nyingine, basi haki hiyo walikuwa nayo Wajapani mwaka 1941. Japani ilitegemea Marekani kwa sehemu kubwa ya mafuta yake. Katikati ya mwaka huo Marekani ilizizuia fedha za Japani na kuyafunga mafuta, kwa sababu ya vita ambavyo Japani ilikuwa ikiviendesha China na kuingia kwake Indochina. Wakubwa wa Tokyo walihesabu akiba yao, wakaona itakwisha, wakaamua kwenda kuyatwaa mafuta ya visiwa vilivyotawaliwa na Waholanzi, ambavyo leo ni Indonesia. Desemba 1941 waliishambulia Pearl Harbor na pwani ya Malaya, na miezi michache ya mwanzo ya mwaka 1942 wakavikalia visiwa hivyo vya mafuta. Burma nayo ikaanguka.

Hapo ndipo wazee wetu walipoingia. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walichukuliwa wakapelekwa kwenye misitu ya Burma kupigana na jeshi lililokuwa limetoka kwao kwa hoja ile ile ya uhai wa taifa. Waingereza na Wamarekani hawakusema kwamba hoja ya Wajapani ilikuwa na uzito. Walisema ni uchokozi, na walisema kweli. Basi neno lililokuwa uchokozi kinywani mwa Mjapani mwaka 1941 haliwezi kuwa hekima kinywani mwa mwingine mwaka 1980. Na sisi watu wa Ufipa, ambao mwaka 1981 tulikosa mafuta hata ya gari moja la wagonjwa, tungekuwa na haki ya kushika mikuki na kuteremka kwenda kuvamia matangi ya Mbeya. Hatukwenda. Hakuna aliyetusifu kwa hilo, wala hatukustahili sifa. Ndivyo watu wanavyoishi na jirani zao. Haki ambayo hutumiwa na mwenye manowari peke yake mimi siwezi kuiita haki. Huo ni uwezo tu, na uwezo haujawahi kukosa maneno ya kujitetea.

Figa la pili ni gumu zaidi, na sitaki kulisukuma kwa mguu kama kwamba si kitu. Tarehe 2 Agosti 1990 Irak iliivamia Kuwait na kuimeza. Kuwait ilikuwa nchi huru, mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 29 Novemba Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 678 kuruhusu nguvu itumike iwapo Irak haitatoka ifikapo tarehe 15 Januari. Nchi 12 ziliunga mkono, zikiwamo Ethiopia, Zaire na Côte d'Ivoire. Cuba na Yemen zilikataa. China haikupiga kura. Mtanzania hawezi kuidharau sababu hii, kwa kuwa ndiyo iliyotupeleka Uganda. Idi Amin alipoitwaa ardhi ya Kagera mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa alitaja mambo matatu ambayo kila mtu mzima wa nchi hii anayakumbuka: uwezo, sababu na nia. Tulikubali, tukachanga mahindi na ng'ombe, tukawatoa vijana wetu.

Lakini tazama ile sababu. Haikuwa kahawa ya Kagera, ingawa kahawa ilikuwako. Ilikuwa ardhi na watu waliouawa na kufukuzwa humo. Kwa hiyo kama Kuwait iliokolewa kwa sababu ilivamiwa, mimi naafiki, na ningeafiki hata kama chini ya mchanga wake kungekuwa na mchanga mwingine tu. Hapo ndipo figa linapoanza kutikisika. Uvamizi unaozuiwa kwa ajili ya sheria huzuiwa hata pale ambapo hakuna mafuta. Historia ya eneo letu yatuonyesha vingine.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi katika Rhodesia, koloni la Uingereza. Nchi za Kiafrika ziliitaka Uingereza imwondoe kwa nguvu. Uingereza ilikataa kutumia nguvu juu ya Salisbury, na Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi nayo Desemba ya mwaka huo. Jeshi la wanamaji wa Uingereza lilikwenda, naam, lakini lilikwenda kukaa baharini mbele ya bandari ya Beira, kuanzia mwaka 1966 hadi 1975, kuzuia meli za mafuta zisimfikie Smith. Wakati meli za kivita zikizunguka pale kwa miaka tisa, mafuta yalimfikia Smith kwa kupitia Afrika Kusini na Lourenço Marques. Ripoti ya uchunguzi wa serikali ya Uingereza yenyewe, iliyotolewa mwaka 1978 na kujulikana kwa jina la Bingham, ilionyesha kwamba makampuni ya mafuta ya Uingereza yalikuwa na mkono katika biashara hiyo. Haya, Waafrika milioni kadhaa walioporwa nchi yao hawakupelekewa kikosi. Miaka 25 baadaye askari wa Marekani zaidi ya nusu milioni walifika Ghuba katika muda wa miezi sita. Sisemi kwamba Wakuwait hawakustahili. Nasema kwamba sheria inayotembea haraka namna hiyo penye mafuta, na kuchechemea pasipo mafuta, imekwisha kututajia nia yake. Mwalimu alisema mambo matatu. Uwezo na sababu huonekana kwa macho, lakini nia huonekana baadaye, kwa kutazama ni nini kilicholindwa kwanza.

Na ilionekana. Machi 2003 Marekani na Uingereza ziliivamia Irak, safari hii bila azimio la Baraza la Usalama la kuwaruhusu. Baghdad ilipoanguka mwezi wa Aprili, jumba la makumbusho lenye vitu vya kale vya maelfu ya miaka liliporwa, na ofisi nyingi za serikali zikaporwa na kuchomwa moto. Jengo la Wizara ya Mafuta lilikuwa na askari na vifaru vya kulilinda. Yule mzee wa Burma alikuwa amekwisha kufariki. Nilipoisikia habari hiyo niliwaza kuku waliokuwa wakipelekwa kwa mgambo wetu.

Limebaki figa la tatu, lile letu, la bei na maskini. Hapa naomba radhi kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa hesabu na sikuhesabu. Irak ilipoivamia Kuwait, dunia ilipoteza mapipa zaidi ya milioni nne kwa siku kutoka nchi hizo mbili. Bei ilipanda kutoka chini ya dola 20 mwezi Julai hadi kupita dola 40 mwezi Oktoba. Lakini kabla bomu la kwanza halijaanguka, Saudi Arabia na wengine walikuwa wamekwisha kuongeza uchimbaji wao, na sehemu kubwa ya pengo ilikuwa imezibwa. Siku ile ile niliyosema "wapigwe", bei ilianguka kwa takriban dola 10 katika siku moja. Hakuna kisima kilichofunguliwa siku hiyo. Kilichopungua ni hofu. Maana yake ni kwamba mwezi ule mafuta yenyewe hayakuwa yamekosekana duniani, bali tulikuwa tukiuziwa woga, na woga hauhitaji kupigiwa watu mabomu ili upungue. Visima vya Kuwait zaidi ya 600 vilichomwa moto na Wairak walipokuwa wakikimbia, na moto wa mwisho ulizimwa mwezi wa Novemba 1991. Tarehe 13 Februari mabomu yalilipiga handaki la Amiriya mjini Baghdad, ambamo raia walikuwa wamejificha, wakafa zaidi ya watu 400, wengi wao wanawake na watoto. Niliposikia habari hiyo sikumtazama mke wangu usoni.

Na mashine yetu? Bei ya kusaga debe moja kijijini kwetu haikushuka. Wakati ule pipa lilifika Ufipa likiwa limebeba mgongoni kushuka kwa thamani ya shilingi, matope ya njia ya Tunduma, na faida ya kila mkono lililopitia. Bei ya dunia ikipanda, mzigo hutufikia wote. Ikishuka, punguzo huishia njiani. Kwa hiyo maskini aliyetajwa kuwa ndiye mfaidika mkuu wa vita vile hakufaidika, na mimi nilikuwa nimeisemea damu ya watu kwa ajili ya punguzo ambalo halikuja.

Msomaji ataniuliza: basi kifanyike nini, watu wakae gizani? La. Nina jibu, nalo liko karibu nasi. Smith alipoiasi Uingereza, Zambia ambayo haina bahari ilikatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia Rhodesia, Desemba ile ile ya mwaka 1965. Ikiwa kuna nchi iliyokuwa na sababu ya kusema mafuta ni uhai, ni hiyo. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mapipa angani. Malori yaliteseka kwenye barabara ya vumbi na tope kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuingia Zambia, barabara ambayo madereva waliifananisha na jehanamu. Kisha likajengwa bomba la TAZAMA, kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Naam, bomba lilitaka fedha na subira, tena liliweza kuhujumiwa wakati wowote. Lakini halikuua watu wa Salisbury ili wa Lusaka wapate kupika. Nchi mbili maskini zilikaa mezani, zikakubaliana, zikakopa, zikachimba mtaro. Kila ninapopita Mbeya hujiambia kwamba humo ardhini mnapita jibu la swali langu la mwaka 1991.

Hata hivyo sitaki kumaliza kana kwamba kila kitu ni rahisi, kwa sababu jambo la karibu zaidi limetokea juzi. Katika Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, ambako watu wa pwani wanasema Kimwani na wengi wanaelewa Kiswahili, iligunduliwa gesi nyingi sana baharini. Tangu Oktoba 2017 kulikuwa na waasi wakichinja watu na kuchoma vijiji; Oktoba 2020 walivuka wakashambulia Kitaya, huku kwetu Mtwara. Zaidi ya watu laki saba walihama makwao. Tarehe 24 Machi 2021 waliushambulia mji wa Palma, jirani na mradi wa kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa. Julai ya mwaka huo yalifika majeshi ya Rwanda, kisha ya nchi za SADC, yakiwamo ya Tanzania. Mwezi Agosti mji wa Mocímboa da Praia, uliokuwa mikononi mwa waasi kwa mwaka mzima, ukakombolewa, na baadhi ya watu wakaanza kurudi.

Je, hili nalo ni baya? Siwezi kusema hivyo. Serikali ya Msumbiji iliyaita majeshi hayo. Wanakijiji waliotaka kuchinjwa walipata kupumua. Na vijana wetu waliokwenda huko walikwenda kuzuia moto usivuke mto. Nimewaza sana, nikaona kwamba hapa ndipo uhakiki unapotakiwa uwe na macho mawili. Kumlinda mtu ni halali. Lakini vijiji vilichomwa tangu 2017, na majeshi ya nje yalifika kwa wingi miezi michache tu baada ya Palma, mji ulio mlangoni pa gesi. Huenda hiyo ni bahati mbaya ya tarehe, huenda sivyo. Swali la kuwauliza wakubwa ni lile lile la mzee: gesi ikitiririka, kijiti cha kupimia kitashikwa na nani? Watu wa Palma wataonyeshwa kimebaki kiasi gani pipani, au watalazwa ofisini kwa kuuliza?

Swali hilo si la Msumbiji peke yake. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili katika bonde la Rukwa, Ivuna na Galula, ikitafuta mafuta. Haikupata ya kutosha, ikaondoka. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde hilo hilo lina gesi ya heli, na uchimbaji wa kuitafuta umefanyika. Wengine wanataja mafuta chini ya Ziwa Tanganyika. Vijana wa Sumbawanga wanashangilia, na sina haki ya kuwazuia. Nao wanataka barabara, kazi, na gari la wagonjwa lenye mafuta. Mwaka 1987 hata mimi nilisikitika kampuni ilipoondoka. Jioni ile ya 1991, tulipokuwa tukiagana penye giza la uani, nilimwambia mzee kwa mzaha kwamba laiti yangepatikana mafuta kule bondeni tusingekuwa tunaililia Ghuba.

"Shukuru, Mwalimu," alinijibu. "Mimi waliposema hakuna, nililala usingizi."

Sikubaliani naye mpaka mwisho. Mtu aliyesukuma mkokoteni usiku kucha hawezi kuombea ardhi yake iwe tupu. Ila siku watakapokuja kutuambia kwamba kuna kitu kikubwa chini ya Ufipa, na kwamba wanatuletea walinzi, ningependa awepo mtu mmoja wa kusimama mbele ya watu na kutaka kijiti kwanza.